Suti za Madiwani

Wananchi, tegeni masikio: demokrasia imeshonwa upya! Tajiri aliyetaka kulinunua soko aliwaagizia madiwani wote suti mpya, bure kabisa. Mshonaji alikuwa mama fundi, mwenye kibanda chake sokoni humohumo, chaki sikioni, pini mdomoni, akipima kila kwapa mara tatu na kuguna, “Mmh.” Siku ya kura, wanaotaka soko liuzwe waliambiwa wanyooshe mikono juu. Madiwani wakajikakamua weee, makwapa yakabana, mikono ikaishia kiunoni. Na nani angethubutu kuvua zawadi ya tajiri, naye kaketi mstari wa mbele? Soko likapona. Tajiri akamfuata mama fundi mbio kibandani.

“Mama, umeshona nini wewe?”

Mama fundi akatoa pini mdomoni. “Suti, mwanangu. Za kunyooshea mikono hukuagiza.”