Hilaria Asimama Tena Kwenye Meza Yake ya Uji

Jua ndiyo kwanza linagusa mapaa ya bati ya soko la Oruro, mji wa milimani nchini Bolivia. Hilaria Colque anakoroga sufuria ya api, uji wa mahindi ya zambarau wenye karafuu na mdalasini, huku mteja wa kwanza akipuliza viganja kwa baridi. Hilaria amesimama. Mwaka juzi asingeweza.

"Nilikuwa nauza nimekaa, kama malkia," anasema akicheka. "Malkia wa maumivu."

Mama huyu wa watoto watatu alianza kuugua baridi yabisi akiwa na miaka thelathini na minane. Dawa zilituliza mikono, lakini miguu ilikuwa imeshaharibika. Kidole gumba cha mguu wa kulia kililalia wenzake, vingine vikajikunja kama kucha za kuku, na mifupa ikashuka chini ya unyayo. Alitoboa viatu ili vidole vipate pa kutokea. Kila hatua, anasema, ilikuwa kama kukanyaga kokoto.

Daktari mpasuaji, Ximena Arancibia, hakumficha kitu. Alimweleza kuwa dawa hainyooshi mfupa uliokwisha kupinda. Angeunganisha kiungo cha kidole gumba kiwe kigumu, aondoe vichwa vya mifupa vilivyokuwa vikimchoma unyayo, kisha anyooshe vidole vidogo kwa waya.

"Kidole gumba hakitakunjika tena, mama," alimwambia. "Lakini kitakubeba."

Hilaria alikataa. Kisu hakikumtisha, alihofia meza yake. Sokoni kwao, nafasi ikikaa tupu muda mrefu hupewa mwingine.

Aliyemgeuza ni Casilda Huarachi, muuza maandazi ya jibini wa meza ya pili, ambaye wamegombea naye wateja miaka nenda rudi.

"Nenda ukapasuliwe, shoga," Casilda alimwambia mbele za watu. "Uji wako nitaupika mimi. Labda safari hii utakuwa na ladha."

Na kweli aliupika. Kwa wiki sita Hilaria alitembelea kisigino, waya zikichungulia kwenye ncha za vidole, na Casilda akihudumia meza mbili. Jioni alimpitia nyumbani na umbea wote wa soko.

Siku waya zilipotolewa, Hilaria aligoma kukanyaga. Daktari alimshika mkono, akangoja bila kumharakisha. Hatimaye Hilaria alishusha unyayo wote sakafuni, akahisi ubaridi wa vigae na si kingine. Alilia, anakiri, kisha akazunguka chumba mpaka muuguzi akamwamuru akae.

Mguu bado huvimba akisimama sana, na dawa hajaacha. Lakini leo amevaa viatu vya kamba, vizima.

Mwezi ujao ni zamu ya mguu wa kushoto, na Casilda ameshaambiwa ajiandae. Baada ya hapo Hilaria anataka kujiunga na kikundi cha ngoma cha mtaa wake, acheze karnivali, maandamano ya ngoma ya kila mwaka mjini, tangu mwanzo wa njia hadi mlangoni mwa kanisa yanakoishia.

"Miaka yote nimewauzia wachezaji uji," anasema, akimpimia mteja kikombe. "Mwakani na mimi niuziwe."