Uso Ndani ya Duara Jekundu

Mdogo wangu hajawahi kuiba hata hindi la kuchoma, lakini ukitafuta wezi wa mahindi wa Kibaigwa kwenye simu yako, utamkuta amechuchumaa katikati yao.

Ananunua na kuuza mahindi pale. Magunia yake yaliibwa ghalani, polisi wakakamata watu watatu, wakamwita kituoni aje kuyatambua. Wafanyabiashara wa pale kila mmoja ana mshono wake wa gunia. Yeye hufunga midomo ya magunia kwa uzi wa bluu, na fundo analifunga kwa namna yake. Akachuchumaa kumwonyesha askari fundo hilo. Na mnajua ilivyo kwetu: watuhumiwa huamriwa kuchuchumaa nyuma ya vielelezo ili waandishi wapige picha. Wale watatu walikuwa wamechuchumaa hapohapo. Mpiga picha wa televisheni moja ya mtandaoni akafika, akarekodi, akaondoka zake bila kuuliza mtu.

Jioni nilikuwa napika nyumbani, Nkuhungu, jirani akaniletea simu. "Dada, huyu si mdogo wako?" Muziki wa kutisha, sauti nzito utadhani inatangaza kiama, na duara jekundu limezunguka uso wa mdogo wangu. Wamemchagua yeye kwa sababu alivaa shati safi na saa. Wezi wenyewe walikuwa wamechoka, wamechakaa, nani angewatazama? Basi wakamwita kinara wa genge. Chini watu wameandika kwamba macho yale tu yanatosha kumfunga. Macho yale ni ya marehemu mama yetu. Nikairudia video ile mpaka ugali ukaungua.

Nikaenda ofisini kwa televisheni ile, waifute. Bwana mmoja alinisikiliza huku anachezea simu. "Pole sana, dada yangu. Ila hiyo ndiyo video inayotazamwa kuliko zote." Baadaye wakatoa masahihisho: mistari miwili, bila picha, bila muziki. Nani asome?

Na mdogo wangu alikuwa ameposa Kondoa, mahari imeshapokelewa, tunasubiri ndoa tu. Baba wa binti akatuita, mimi na mshenga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeulizia mpaka kituoni. Najua kijana hana kosa." Nikashusha pumzi. "Lakini ndugu zangu wote wameiona. Siku ya ndoa nisimame mlangoni nimweleze mmoja mmoja?"

Hakusema kwa ubaya. Mahari ikarudishwa.

Tangu hapo nikawa kila nikisikia mtu ananong'ona, awe sokoni awe msibani, namvaa palepale. Si mwizi, nawaambia, yeye ndiye aliyeibiwa. Hadi siku moja mdogo wangu akanifuata nyumbani. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Dada, naomba uache kunitetea."

"Ninyamaze wakutukane?"

"Kila ukimaliza kunitetea, kuna mtu hakuwa ameiona ile video, anatoa simu anaitafuta."