Rulma Iliyoliwa Upande Mmoja

Heshima ya Mardochée ilitokana na kuharibika kwa vitu. Mashine ya kusaga muhogo iliposimama, yeye ndiye aliyeitwa. Wanawake walimpisha na mabeseni yao, akavua shati, akatoa rulma iliyokufa, ile pete ya chuma yenye gololi inayoshika mhimili, akatia mpya. Kwa desturi ya mafundi wa pale, kifaa kilichokufa ni cha aliyekitoa. Rulma zake zote ziligeuka magurudumu ya mikokoteni sokoni Kalemie.

Kisha akaajiriwa Bertille, fundi wa moteri.

“Papa Mardochée, rulma mbili hizi usiziuze. Niachie nizitazame.”

“Mama, maiti haitazamwi. Inazikwa.”

Watu walicheka, naye akamwachia kwa dharau; lakini Papa Isidore, mwenye mashine, hakucheka. Alimtengenezea Bertille etajeri, rafu ya mbao ya kupangia vifaa vilivyokufa, na kila asubuhi alisimama hapo, mikono nyuma, akimsikiliza. Kwa Mardochée hakusimama hivyo hata siku moja, labda mashine iwe imekufa. Wivu ukamkwama Mardochée kooni kama mwiba wa samaki kuhe.

Mashine ilipokufa tena, Bertille alisema mbele ya wote, “Hizi mbili zimeliwa upande mmoja tu. Ya leo ikiwa vilevile, kuna kitu kinaziua.”

Mardochée akaitia mfukoni rulma aliyoitoa muda ule. “Ya leo njo yangu. Desturi ni desturi.”

Akashika njia ya sokoni. Mwache atazame hewa, alisema moyoni. Lakini njiani alitamani kumpata na kosa, akaipangusa rulma kwa shati na kuichungulia. Upande mmoja chuma kilikuwa kimechubuka; upande wa pili kiling’aa. Alikumbuka vizuri jinsi ilivyokaa: uliochubuka ndio uliovutwa na mkanda wa moteri. Na mkanda ule aliukaza yeye peke yake, kwa nguvu zake zote, maana ukilegea hupiga mayowe, na wanawake humcheka fundi.

Akiiuza, mashine itaendelea kufa, naye ataendelea kuitwa. Lakini Bertille hachoki. Ipo siku atajua, naye ndiye atakayelisema, Papa Isidore akiwa kando yake. Hilo Mardochée hakuweza kulimeza. Akarudi mbiombio.

“Mkanda umekazwa mno,” alisema kabla Bertille hajafungua kinywa. “Ni mimi ninayeukaza. Tazama.”

Bertille aliigeuzageuza rulma. “Mimi nilidhani mhimili umepinda,” alisema polepole. “Mkanda sikuuwaza kabisa.”

Papa Isidore akatikisa kichwa kwa furaha. “Unaona, Mama Bertille? Etajeri yako imezaa.”

Mardochée akainama, akaanza kuulegeza mkanda.

“Papa Isidore,” alisema bila kugeuka, “na mimi nataka etajeri. Ishinde ya huyu kwa urefu.”