Msumari wa Shangazi Futi

Wateja wa Shangazi Futi walikuwa wakitania kwamba kwa fundi huyu unaingia na kichwa chako, lakini ukijitazama hukioni. Alikuwa na kioo kizuri cha kutundika, chenye fremu ya mbao. Tatizo ni kwamba hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumruhusu kupigilia msumari ukutani, kwa hiyo kioo kilikaa juu ya kiti, na mteja aliyekuja kujaribu gauni alijiona kuanzia kifuani hadi magotini. Aliyetaka kuona uso wake sharti ainame, na akiinama gauni linakaa vibaya, kisha lawama anabeba fundi.

Huyu ni dada wa baba yangu. Jina la Futi alipewa na sisi watoto kwa sababu ya ile futi ya kupimia nguo iliyokaa shingoni mwake siku zote, hata msibani. Alianza kupanga vyumba akiwa msichana na aliendelea kupanga hadi nywele zikawa nyeupe. Kila mwenye nyumba alikuja na amri zake. Mmoja hakutaka kelele za cherehani jioni, mwingine hakutaka wateja wapite mlango wa mbele, na yupo aliyekuwa anahesabu ndoo za maji. Kuhusu msumari, wote walikubaliana kama waliokaa kikao.

Mwenye nyumba wa mwisho alikuja na habari kwamba anabomoa safu nzima ya vyumba ajenge maduka. Alikuja kwa heshima, akakaa, akaomba radhi. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho huku anapindua pindo la suruali ya mtu. Alipoondoka ndipo akaniambia kwamba hahami tena kwenda kupanga. Safari hii anahamia kwake, na asipopata pa kwake basi atakuja kulala kwenye kochi langu mpaka afe. Nalijua kochi langu, na namjua shangazi yangu, kwa hiyo nilianza kumsaidia kutafuta nyumba siku ileile.

Nyumba yenyewe aliipata bila mimi. Ilikuwa kijijini, pale lami inapoishia, nyumba ya zamani ya kuta za udongo ulioshindiliwa, nene kiasi kwamba mtu unaweza kukaa dirishani na miguu isining'inie. Aliyekuwa anauza ni mzee mjane, dereva wa malori aliyestaafu, na kijiji kizima kilimwita Dereva tu. Watoto wake walimtaka akaishi nao mjini. Alitukaribisha kwa chai, akatuonyesha kila chumba, kila kimoja kimefagiliwa na kupakwa rangi. Chumba cha nyuma kilipokea jua la asubuhi, na Shangazi alipoingia humo akasimama katikati, akavua futi shingoni, akapima ukuta ulioelekea dirisha. Akaweka alama ndogo kwa chaki ya kushonea. Sikuhitaji kuuliza ile alama ni ya nini.

Tulipotoka nikamwambia tulete mkaguzi wa majengo kabla hajatoa kitu chochote. Akanuna. Akasema mtu amekupa chai kwa mkono wake, halafu umletee mtu wa kummulikia tochi chumbani kama mwizi? Hiyo si adabu. Mimi nauza dawa kwenye duka la dawa, na kazi hiyo imenifundisha kumshuku kila anayesema yuko salama salimini, nyumba zikiwemo. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hapokei nguo ya kurekebisha kabla hajaigeuza ndani nje mbele ya mwenyewe, na kwamba wapo wateja waliokasirika kuona mishono yao ya aibu ikikaguliwa hadharani. Akasema nyumba si gauni. Nikasema kweli, gauni likikuangukia hufi. Kesho yake akaniambia nimtafute huyo mtu, ila mimi ndiye nikamwambie Dereva, kwa kuwa yeye hana uso huo.

Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Dereva akasema tu kwamba hata lori hulinunui bila kufungua boneti.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, suruali yake ina mifuko kila mahali, na hakuwa mtu wa maneno. Alitupanga barazani kwenye viti, akasema atatuita akituhitaji. Kisha akaizunguka nyumba taratibu, akichuchumaa kutazama msingi, akichomachoma miguu ya kuta kwa bisibisi. Alimwaga ndoo ya maji karibu na ukuta wa nyuma akasimama kuangalia yanaelekea wapi. Ndani aliweka gololi sakafuni, akaitazama ikitambaa yenyewe hadi kona moja na kutulia. Akapanda ngazi, akapotea darini, tukasikia anagonga kenchi za paa moja baada ya nyingine. Shangazi alivumilia kukaa kwa muda ambao mimi sikuutarajia. Halafu akanyanyuka na kumfuata ndani, futi mkononi, na mimi na Dereva tukafuata.

Tulimkuta kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa anagonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, sikio limekaribia plasta. Juu ukuta ulijibu kwa sauti nzito. Alivyoshuka, sauti ikawa ya debe tupu. Alikuwa amefika karibu na alama ya chaki. Akamgeukia Dereva, akasema kuna kitu nyuma ya plasta hii, na kwamba yeye hatoboi nyumba ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Akaomba afungue pa kutosha kiganja. Dereva akasema afungue.

Plasta ilitoka kipande kizima, ngumu, safi, saruji tupu. Nyuma yake udongo ulikuwa mweusi. Mkaguzi akaugusa kwa kidole, kidole kikaingia. Ukaanza kumomonyoka wenyewe na kudondoka sakafuni kama sukari iliyolowa, na chumba kikanuka shimo.

Akatueleza bila haraka. Ukuta wa udongo hunywa maji kutoka chini, na mvua, na hata pumzi za waliolala ndani, kisha hukauka kwa kuyatoa nje. Waliojenga nyumba hii waliupaka chokaa, ambayo huyaacha maji yapite. Baadaye mtu akaja akaupaka saruji, ndani na nje. Maji yakaendelea kupanda kama kawaida, ila njia ya kutokea haikuwepo tena. Ukuta umekuwa ukilowa miaka yote hiyo, na kwa juu unaonekana mzuri.

"Ni mimi niliyepaka," Dereva akasema.

Alitafuta pa kukaa, akakaa dirishani. Akasimulia kwamba mke wake alikuwa mgonjwa wa kifua, na hospitali walimwambia alale chumba kikavu. Chumba chao kilikuwa hiki. Alikuwa anaona ukuta unatoka jasho. Aliporudi kutoka safari moja alikuja na mifuko ya saruji kwenye lori, akachukua likizo, akaupaka mwenyewe pande zote mbili, akasugua hadi ukawa laini kama sahani. Jasho likakoma. Mke wake alifurahi sana, alikuwa anawaita majirani waje wauone. Lakini kile kifua hakikupona.

Kisha akamwuliza mkaguzi.

"Kwa hiyo maji yalibaki humu? Mimi ndiye niliyemfungia humu nayo?"

Nilimtazama yule mwanamke nikimwomba kimoyomoyo aseme uongo. Kila siku nasimama nyuma ya kaunta nikiwaambia watu watapona, na wala sijui. Angeweza kusema hapana, hayahusiani.

"Mzee, mimi napima kuta," akasema. "Kifua cha mtu sikijui, na siwezi kukudanganya kwamba nakijua."

Dereva akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akasimama, akasema nyumba hii haiuzwi tena, hawezi kumuuzia mtu chumba kama hiki, akatoka akaenda kusimama kule barabarani, ametupa mgongo. Nami, bila aibu, nilishukuru. Nikamwambia Shangazi tumeponea chupuchupu, tutafute nyingine yenye kuta za watu wa sasa. Alikuwa ameingiza mkono kwenye lile tundu, anasugua udongo kati ya vidole jinsi anavyosugua kitambaa cha kwenye mtumba.

Alimwuliza mkaguzi kuhusu mengine yote. Msingi uko imara. Kenchi ni mbao ngumu za zamani, mchwa hawajazigusa. Sakafu imelala upande mmoja tangu zamani, na imeacha kusogea. Paa linahitaji mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali. Ugonjwa ni saruji. Akamwuliza kama anunue, na mkaguzi akasema yeye kazi yake ni kusema nyumba ilivyo, kuingia au kutoingia ni juu ya anayeingia.

"Haya, nikuulize kifundi," Shangazi akasema. "Inafumulika?"

Kwa mara ya kwanza mkaguzi akacheka.

"Inafumulika, mama. Ila yote, usiache hata kipande. Halafu uache kuta uchi zipate msimu mzima wa jua, ndipo upake chokaa. Na mpaka nije nizigonge tena, usipigilie humu msumari hata mmoja."

Nilijikuna kichwa nisicheke. Maisha yake yote wenye nyumba walimkataza msumari, na sasa nyumba yenyewe nayo imemkataza. Yeye hakuona kichekesho. Alikuwa anatazama barabarani.

Siku zilizofuata alikuwa hashikiki. Vyumba vya jirani vilikuwa vimeshahamwa, mabati yameanza kung'olewa, na yeye anashona katikati ya vumbi. Nilimpelekea habari za nyumba mbili tatu, akaniambia asante. Nilidhani amekata tamaa, nikaanza kupima kochi. Kumbe alikuwa amekwenda kijijini peke yake. Yaliyosemwa huko nilikuja kuyasikia kwa Dereva, maana Shangazi si mtu wa kujisimulia. Alimkuta anafunga mizigo. Hakumpa pole wala hakumwambia asijilaumu.

"Ulikuwa na mgonjwa ndani na saruji mkononi," alimwambia. "Ungefanya nini kingine? Niuzie nifumue."

Dereva akakubali, na akapunguza bei hata Shangazi hajaomba. Alikuwa na sharti moja: plasta ya chumba cha nyuma aliiweka yeye, basi mtu wa kwanza kuitoa awe yeye.

Nilikuwepo siku alipoitoa. Alivaa ovaroli yake ya kazini, akashika patasi na nyundo, akaanzia kwenye lile tundu. Saruji ilikuwa ngumu, alikuwa ameipaka kwa moyo wote na ilionekana. Kila kipande kilichotoka hakukitupa, alikiweka chini taratibu. Jasho lilimtoka, na si jasho peke yake, na hakuna aliyemwambia apumzike. Shangazi alikuwa upande wa pili wa ukuta, nje, naye anabandua. Nilizisikia nyundo mbili zikijibizana hadi mchana, nikaona aibu, nikavua viatu vyangu vya dukani nikaenda kuzoa vifusi.

Shangazi alihamia hivyo hivyo. Alishona kwenye chumba cha mbele msimu mzima wa kiangazi, na kioo chake juu ya kiti kama kawaida, akiamka asubuhi kwenda kupapasa kuta za chumba cha nyuma. Rangi ya udongo ilianza kubadilika kuanzia juu. Weusi ulikuwa unashuka polepole kuelekea sakafuni, naye akawa ananipigia simu kunieleza umefika wapi, kama mtu anayetoa habari za mtoto anayeota meno. Ulipokauka wote, fundi wa chokaa akaja, na kabla hajapaka Shangazi akamsimamisha, akapima kwa futi, akamtaka achomeke kipande cha mbao ngumu ndani ya ukuta. Pa msumari.

Mkaguzi alirudi. Akagonga kuanzia juu hadi chini, na ukuta ukajibu sauti ileile nzito kila mahali. Akasema sasa ruksa. Tulikuwa tumekusanyika ukoo mzima, hata baba yangu ambaye hapandi basi ila kwa kubembelezwa, na kila mtu alikuwa na mzaha wake kuhusu vichwa ambavyo hatimaye vitaonekana. Kioo kilikuwa kimefutwa. Dereva naye alikuja kutoka mjini, amevaa shati lililopigwa pasi. Shangazi akatoa msumari kwenye kikopo chake cha pini, alimokuwa ameutunza miaka yote. Ulikuwa umeanza kuota kutu kwa kukaa.

Lakini Dereva alikuwa ametangulia ukutani. Aliweka kiganja kwenye chokaa, chini kidogo ya alama mpya ya chaki, akakiacha hapo. Kisha akaweka na cha pili.

"Pakavu," akasema.

Hakuondoka. Alisimama hivyo, viganja vyote viwili ukutani na kichwa kimeinama, na mizaha yetu ikaisha mmoja mmoja. Baba yangu alishika nyundo asijue aipeleke wapi. Nilimtazama Shangazi, aliyeusubiri ukuta huu tangu ujana wake. Akafungua kikopo, akarudisha msumari ndani, akakifunga. Akatuashiria tutoke, akauvuta mlango nyuma yake.

Barazani nikamwuliza, "Shangazi, na msumari je?"

"Nitapigilia kesho," akasema. "Kwani nani atanihamisha?"