Kiitikio cha Mazishi ya Siméon

Orpa hakujua yule mwanamke alikuwa anaimba nini. Alijua tu kwamba kila siku, kwenye ghala la viatu pale Grand Prairie, mji wao wa ugenini, redio iliyofungwa juu ya nguzo ilimleta: ngoma nzito kama watu wanaokanyaga sakafu, makofi, gitaa linalokwaruza, kisha sauti kavu ya kike, ya mtu aliyelia mpaka akachoka na sasa anatoka nje kugombana. Mwanamke aliita, wenzake wakamwitikia. Akaita tena.

"Huyu ni mwimbishaji," Orpa alimwambia mumewe, Siméon, aliyekuwa akishusha maboksi kwenye matrela ya ghala lilelile. "Sikia anavyoita."

Jumapili iliyofuata wimbo ulikuwa umeingia kanisani. Orpa hakuona ajabu. Kule kambini, walipokimbia kutoka Uvira, kwaya yake ilivika maneno ya Mungu kila tuni iliyopita karibu, hata ya tangazo la sabuni. Huu aliuvika habari ya kuvuka ziwa chini ya risasi. "Nani alituvusha?" aliita, na wanawake wakakanyaga chini: "Ni yeye!" Siméon alipiga ngoma mpaka jasho likamlowesha tai.

"Nikifa mniimbie huu," alisema ndani ya gari akicheka. "Zile za kulialia wawekeeni wengine."

Alikufa Agosti iliyofuata, ndani ya trela, kwa joto. Aliomba maji na kupumzika kidogo. Akaambiwa amalize mzigo kwanza. Walimkuta amekaa, mgongo kwenye maboksi, kama mtu anayesubiri basi.

Watu walipojaa nyumbani kwa matanga, binti yao Shalom alitaka waombolezaji wausikie wimbo aliokuwa akiupenda baba yake, ule wenyewe wa redioni. Akautafuta kwenye kompyuta, akaupata. Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye suti ya rangi ya fedha iliyombana, nyota zinazometameta zimebandikwa usoni, viatu vya soli nene, akikatika mbele ya maikrofoni.

Wazee wakaigeuzia skrini mgongo.

"Maman, ni rock ya zamani tu," Shalom alisema. "Ilivuma sana. Kila mtu anaijua."

"Kila mtu isipokuwa sisi!" akafoka Mzee Bisimwa, shemasi. "Mwaka mzima tunamkanyagia shetani sakafu!"

Mchungaji Lévi akamwita Orpa jikoni. "Mama Shalom, pole sana. Lakini ile wimbo haitaingia makaburini."

"Pasteur, yeye mwenyewe aliomba."

"Aliomba bila kujua."

"Maneno ni yetu. Ziwa ni letu. Siku ya kwanza wewe mwenyewe ulipiga magoti, ukalia!"

"Ndiyo maana leo naona haya."

"Unaona haya ya nyota za usoni? Na wale waliomnyima mtu wangu maji, umeenda kuwaambia nini? Huko haya yako haifiki?"

Lévi akatazama sinki. Nusu ya kanisa lake ilikula kutokana na ghala lile.

Makaburini waliimba za kulialia. Jeneza lilipoanza kushushwa kwa mashine, Orpa akasogea ukingoni, akaita: "Nani alituvusha?"

Wanawake aliowafundisha kushika sauti, mmoja baada ya mwingine, wakatazama viatu vyao. Mama Annonciata, aliyevuka naye ziwa katika mtumbwi mmoja, alifungua mdomo, akamwangalia Bisimwa, akaufunga. Orpa akaita tena. Mashine iliendelea kunguruma. Shalom alijaribu kuitikia, akaangua kilio.

Jumatatu Orpa alirudi kazini, kwa sababu mwenye nyumba hangojei matanga yaishe. Kwenye trela la Siméon alikuwa ameshawekwa mtu mwingine, naye alikuwa anatoa jasho. Kabla ya chakula cha mchana redio ikaleta zile hatua nzito, yale makofi, lile gitaa.

Mwanamke wa suti ya fedha akaita. Orpa akaweka boksi chini, akaita pamoja naye, kwa Kiswahili, kwa sauti yote aliyobaki nayo: "Nani alituvusha?"

Na kutoka juu ya nguzo watu asiowajua, kwa maneno asiyoyaelewa, wakamwitikia.

"Orpa!" msimamizi alipiga kelele. "Kazi inasimama huko!"

Akaokota boksi. Akaita tena.