Mabati ya Shangazi

Mwaka ule nilipata kibarua cha kuuliza watu maswali mtaani kwetu Bulla Pesa, katika mpango wa serikali wa kusaidia wazee maskini. Nilipewa tableti yenye maswali tayari. Paa ni la nini? Sakafu ni ya nini? Kuna simu? Hakuna mahali palipouliza kama mtu anaona, au kama jana alikula.

Nilipofika kwa shangazi, dada ya marehemu baba, nilijaza nilichokiona: mabati, sakafu ya simiti. Nyumba ile mwanawe alimjengea kabla ya kufariki. Shangazi ni kipofu, na hupikiwa chakula na majirani. Hayo sikuwa na pa kuyaandika.

Orodha ya watakaosaidiwa ilipobandikwa kwa chifu, jina lake halikuwepo. La bibi wa nyumba ya pili lilikuwepo, kwa sababu yeye analala kwenye kibanda cha nyasi, nyuma ya nyumba ya mawe ya mwanawe mwenye duka.

"Umenikata," shangazi akaniambia.

"Si mimi, shangazi. Ile mashine inaamua yenyewe."

"Mashine ilijuaje mabati yangu? Nani aliingia hapa akaandika?"

Nilikwenda ofisini nimefura. Afisa hata hakuinua kichwa. "Hakuna mtu aliyeamua, ni mfumo. Apige namba ya malalamiko." Tulipiga. Sauti ya kurekodiwa ikajibu kwa Kiingereza, kisha Kiswahili cha redioni. Shangazi anaelewa Kiborana tu. Akanirudishia simu.

Kilichoniudhi zaidi ni mtaa. Hakuna aliyelaumu lile swali la paa. Walinilaumu mimi, wakamlaumu chifu, wakamlaumu hata bibi wa kibanda, ambaye hakuomba lolote. Wanawake niliowazoea wakaacha kuitikia salaam yangu.

Baadaye zikaja neti za mbu, za kila kitanda, bila maswali. Hakuna aliyegombana. Lakini shangazi alimfukuza mhudumu wa afya mlangoni. "Vitu vya serikali sitaki! Watakuja kuandika mabati tena."

Nilimkimbilia mhudumu, nikachukua neti, nikarudi kuifunga mwenyewe. Shangazi akaipapasa.

"Hii umetoa wapi?"

Ningesema ukweli, angeing'oa. "Nimenunua."

Akaniombea dua ndefu. Nilitamani kumwambia ni ya serikali ile ile. Nikamaliza kufunga kamba.