Makofi Niliyopigiwa Mwaloni

Mwanangu, bado hata sijakuzaa, ila nakuandikia sasa hivi kabla hasira haijapoa. Kuna siku moja mwaka huu imenikaa kichwani, na sitaki uje uisikie kwa mtu mwingine.

Huku kwetu Pasiansi mwanamke hapandi mtumbwi wa dagaa. Ananunua akiwa nchi kavu, anaanika, anauza, basi. Sasa jirani yetu Mama Kulwa akapanda mtumbwi wa baba mdogo kufuata ndoo yake iliyosahaulika mle. Siku mbili zilizofuata mtumbwi ukarudi mtupu. Wavuvi wakaitisha kikao mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa, wanataka asinunue tena pale. Baba mdogo akanisukuma mbele niwasemee, eti si mimi ndiye nilikuwa nashinda midahalo shuleni.

Nikasimama, mtoto wa kike mzima. Nikasema kabla hajapanda dagaa walikuwepo, alipopanda wakaisha, kwa hiyo chanzo ni yeye. Na nilisema vizuri, hicho ndicho kinaniuma. Wanaume wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mmemsikia msomi?"

Mama Kulwa hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Binti, na mitumbwi ya wenzenu ambayo sijaigusa, jana imeleta nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Yote ilirudi mitupu. Mwezi ulikuwa mkubwa, na mwezi ukiwaka vile dagaa hawafuati taa za kuwavulia usiku; huku hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Nikanyamaza, maana makofi yalikuwa matamu. Akafukuzwa, wanawe wakimbebea mabeseni.

Mwezi ukapungua, dagaa wakarudi. Baba mdogo akaniambia huku anacheka, "Si umeona? Tumemtoa, mambo yamenyooka." Yaani uongo wangu sasa una ushahidi!

Nikamfuata Mama Kulwa Usagara, anakochoma mahindi pale njia panda. Nikamwamkia, nikaomba msamaha nalia. Akaitikia marahaba, akageuza mahindi yake kwanza.

"Mimi hukunidanganya, nilikuwa najua. Uliowadanganya wako mwaloni. Kawaambie hao."

Leo asubuhi nimewaambia, palepale. Wamenizomea. Baba mdogo kasema shule imeniharibu. Mama Kulwa bado yuko Usagara, na mimi kesho narudi mwaloni tena.

Kwa hiyo nisikilize. Jambo kutangulia lingine hakumaanishi kwamba ndilo lililolileta. Ukiwa na hoja, kabla hujaisema tafuta kinachoipinga, na ukikipata kitaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa na mtu unayemnyang'anya riziki. Na watu wakikupigia makofi, hapo ndipo ujikague zaidi, kwa sababu mimi hapo ndipo nilipoacha kufikiri.

Mungu akupe kichwa kinachouliza, mwanangu, na akupe ujasiri wa kusema "nilikosea" mbele ya walewale waliokushangilia. Usichelewe kama mimi.